Taa Ikiwaka, Usizime

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi, na akataka ziwe za kuwatia moyo. Nimeanza mara tatu. Kila mara kalamu imenirudisha kwenye mashine moja iliyokuwa mjini Kajiado, katika kona ya ofisi ya mpima ardhi, na kwenye siku ambayo taa yake ndogo ya kijani iliwaka bila kupepesa tangu chai ya saa nne mpaka saa kumi jioni. Mtanisamehe. Moyo mtautafuta kwa wengine. Mimi nitawaeleza nilichofanya na nilichokiona, kwa sababu nilikuwa mtu wa kuandika kila kitu kwenye daftari, saa na dakika, na madaftari hayo bado ninayo.

Duka letu lilikuwa Kitengela, kati ya duka la dawa za mifugo na buchari. Mwenyewe alikuwa Bwana Gathogo, aliyetoka Murang'a na mikono mikubwa ya kulimia lakini akaishia kushika nyaya za simu kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka. Miaka ya tisini tulitengeneza redio, mashine za kuchapa na chochote kilichokuwa na skrubu. Nyumbu walikuwa bado wanapita nyuma ya duka msimu wa mvua, kabla ploti hazijawekwa ua. Siku moja shule ilituletea kompyuta "iliyorogwa". Gathogo akaifungua, akatoa mjusi aliyekauka kwenye feni, akamweka juu ya meza mbele ya mwalimu mkuu na kusema, "Mchawi wenu ni huyu. Mumzike mahali pazuri."

Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza diski. Unaweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha diski, unaweka sikio kwenye mpini. Diski nzima inavuma sawasawa kama mtu aliyelala vizuri. Mbovu inakwaruza, au inajaribu, inarudi, inajaribu tena. Mkipata diski ya zamani, jaribuni. Hakuna programu itakayowaambia mapema kuliko mpini wa bisibisi.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia tukaanza kuunda seva, kompyuta za kutunza mafaili ya ofisi nzima. Tulinunua vipuri vilivyotumika kutoka ofisi za Nairobi, tukaviunganisha, tukaweka mfumo endeshi ule wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadilisha. Kazi ya kuusoma ilikuwa yangu. Watu walikuja kununua dawa ya kupe mlango wa pili na kuniona nimeinamia karatasi zilizochapwa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wakadhani ninasomea ualimu. Kila seva ilikuwa na diski mbili zenye nakala ileile ya kila kitu, ili moja ikifa nyingine iendelee. Hiyo ndiyo ahadi tuliyowauzia wateja. Tuliziuza Machakos, Rongai, mpaka Kimana kwa wakulima wa vitunguu. Moja tuliiuza kwa mpima ardhi wa Kajiado.

Sasa niwaeleze kosa lenyewe. Nitatumia hoteli, kwa sababu nilikula chakula cha mchana katika hoteli moja pale Kitengela kwa miaka ishirini na ndipo nilipoyafikiria mengi.

Weita anachukua oda kwa wateja na kuzipeleka dirishani kwa mpishi. Hiyo ndiyo foleni ya maombi: programu inataka kusoma kitu, ombi linaingia foleni, linapelekwa kwa diski. Kwa kawaida mpishi anajibu haraka. Lakini siku nyingine mpishi anaweza kuanguka na asiseme lolote, na weita akasimama dirishani milele. Kwa hivyo weita anatega saa ya kengele. Chakula kikija, anategua. Kisipokuja kengele inalia, naye anajua kwamba jikoni kuna neno, anakwenda kwenye jiko la pili. Katika mfumo wetu kengele ilikuwa ya sekunde thelathini.

Nilichokiona mimi ni kwamba weita wetu alitega saa moja kwa kila oda. Chai moja, saa moja. Mandazi, saa nyingine. Na kwa kuwa karibu kila oda ilirudi mara moja, alishinda akitega na kutegua saa ambazo hazikuwahi kulia. Kwenye mashine mpya hutaona tofauti. Kwenye prosesa zetu kuukuu, wakati ofisi nzima inafungua mafaili, nilipima na kuona kazi hiyo ya kutega na kutegua inakula sehemu kubwa ya nguvu iliyopaswa kuwafanyia watu kazi.

Nikafikiri: kwa nini isiwe saa moja tu, ukutani, kwa foleni nzima? Oda ikiingia, weita anaandika muda wake wa mwisho kando ya oda. Kama saa ya ukutani tayari inatembea, haigusi. Chakula kikija anafuta oda, saa haigusi pia. Saa ikilia, ndipo anapitia orodha: kuna oda iliyopitisha muda? Kama ipo, anakwenda jiko la pili. Kama hakuna, anaitega upya kwa oda iliyo karibu zaidi kufika mwisho. Kazi ya maelfu ya mara inakuwa kazi ya mara chache.

Wazo hilo lilikuwa sahihi. Ninalisema bila aibu. Nililiandika kwa wiki mbili, na mashine ikawa nyepesi hata Gathogo, ambaye hakusifu kitu, alisema, "Sasa hii imekunywa uji."

Tulijaribu mbele yake. Nilipakia mashine kazi nyingi, mafaili juu ya mafaili, kisha nikachomoa kebo ya diski moja kazi ikiendelea. Mimi na yeye tukatazama saa ya dukani. Sekunde thelathini zikapita, kengele ya ndani ikalia, ujumbe ukatokea kwamba diski ya kwanza haijibu, na ya pili ikachukua kazi. Tulirudia hivyo asubuhi nzima. Haikukosea hata mara moja.

Gathogo alikuwa anakunja kebo. Akauliza, "Na ikikaa bure?"

"Bure vipi?"

"Bure, Mutinda. Watu wameenda chai. Hakuna anayeiuliza kitu."

Nikacheka. "Ikikaa bure itakuwa na shida gani, mzee? Hakuna oda, hakuna wa kungoja."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye umesoma hayo makaratasi."

Yaandikeni mahali maneno hayo matatu, "na ikikaa bure," kwa sababu mimi niliyaandika kwenye daftari siku ileile, pamoja na jibu langu, na nikaweka alama ya mshangao mbele ya jibu.

Nirudi nyuma kidogo niwajulishe karani wa Kajiado. Aliitwa Silantoi. Alikuwa peke yake katika ofisi ile siku nyingi, kwa sababu mpima alishinda maporini na vyombo vyake. Ranchi za vikundi, ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, zilikuwa zinagawanywa wakati ule, kila familia ikitaka kujua mpaka wake unapita wapi, na ramani zote za mpima zilikaa kwenye seva yetu. Silantoi alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza nilipoiweka mashine aliniuliza, "Fundi, hii kitu inafanya kazi ama inasali? Mbona imeinamisha kichwa?"

Miezi kadhaa kabla ya kubadilisha ule msimbo, Silantoi aliona mashine imenyamaza akachomoa waya ukutani, akachomeka tena. Taa ya diski ilikuwa inawaka, maana yake kulikuwa na kitu kinaandikwa, na ramani moja ya watu ikaharibika katikati. Mpima alilazimika kurudi porini kupima upya siku tatu. Nilipofika nilimkaripia Silantoi mbele ya mpima na mbele ya wateja wawili. Nilisema mambo ambayo mtu haambiwi kazini kwake. Kisha nikachukua kalamu nene na kuandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya mashine: TAA IKIWAKA, USIZIME. SUBIRI.

"Mashine ikikwama," nilimwambia, "inajiokoa yenyewe. Nusu dakika haiishi. Wewe kazi yako ni kusubiri tu."

"Sawa, fundi," akasema. Hakuniangalia. "Sitagusa tena."

Na ilikuwa kweli. Wakati ule, kabla sijaigusa, ilikuwa inajiokoa. Baadaye nilikwenda Kajiado na diski mkononi, nikaweka msimbo wangu mpya, nikanywa chai ya Silantoi, nikarudi. Karatasi ikabaki ukutani.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa ya mwisho ya kupeleka pingamizi kuhusu mgawanyo wa ranchi moja upande wa kusini. Kamati ya mgawanyo ilikuwa imekodi ukumbi ng'ambo ya barabara, na karani wao alikaa dirishani kupokea karatasi mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo orodha ingetiwa muhuri.

Asubuhi hiyo aliingia kwa Silantoi mama mmoja mjane. Watu walimwita Ng'oto Tipape, yaani mama yake Tipape, ambaye alikuwa mtoto wake wa pekee, binti aliyeolewa Kimuka, kule karibu na Ngong. Marehemu mumewe alikuwa amechimba kisima kwa mikono pamoja na watu wa rika lake, na kwa kisima hicho mama huyu alinywesha ng'ombe wachache na mbuzi waliobaki. Ramani ya kamati ilikiweka kisima upande wa jirani. Vipimo vya mpima wetu vilionyesha kwamba kiko kwake, hatua nyingi ndani ya mpaka. Ramani hiyo ilikuwa tayari, imekamilika, ndani ya mashine. Kilichobaki kilikuwa kuifungua, kuichapa, kuigonga muhuri na kuvuka barabara.

Haya yafuatayo nilielezwa na Silantoi, nami nikayaandika.

Mama alifika saa tatu na nusu, na kibuyu cha maziwa kwa ajili ya Silantoi. Wakasalimiana, "Supa," "Ipa," wakaulizana habari za watu na za mvua. Silantoi, akimwita mama kwa Kimaasai, akamwambia, "Yeyo, wacha tunywe chai kwanza, halafu nikupe karatasi yako." Mashine ilikuwa imekaa bure tangu ilipowashwa. Walikunywa chai. Saa nne na dakika chache, Silantoi akafungua faili ya ramani.

Skrini ikasimama. Taa ya kijani ikawaka.

Akasubiri nusu dakika. Akasubiri robo saa. Akabonyeza vifungo, hakuna. Akaangalia karatasi yangu ukutani, kisha mkono wake ukarudi mapajani.

"Nini, mtoto wangu?" mama akauliza.

"Inafikiria, Yeyo. Fundi alisema tungoje."

"Basi tungoje. Hata ng'ombe hunywa kwa zamu."

Saa sita Silantoi alinipigia simu. Nilikuwa dukani nimeshika chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kwa risasi, simu nimeibana kwa bega.

"Fundi, hii mashine imekataa. Na niko na mama hapa, leo ni siku yake ya mwisho."

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi usizime. Iko na diski mbili, labda inazipanga. Ikikwama itajiokoa."

"Nimengoja sana."

"Ngoja tu, Silantoi. Usifanye kama ile siku."

"Sawa," akasema.

Mimi, mtu wa madaftari, mtu wa saa na dakika, sikumuuliza amengoja tangu saa ngapi. Kama angesema "tangu chai" ningejua papo hapo kwamba kengele haijalia na haitalia. Neno moja tu, "zima," lingetosha. Mashine ingewaka tena kwa diski ya pili na ramani ingetoka kabla ya chakula cha mchana. Badala yake nilimkumbusha ile siku.

Saa nane na nusu mpima mwenyewe alipiga simu kutoka porini, Silantoi alikuwa amempata baada ya kuhangaika na mtandao. Alisema sentensi moja: "Mutinda, karani wangu anasema taa inawaka tangu saa nne."

Niliweka chini chuma cha moto juu ya daftari. Alama ya kuungua ipo mpaka leo, inapitia kurasa tano. Nilimpigia Silantoi nimwambie azime. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Gathogo alinirushia funguo za pikapu yake.

Kutoka Kitengela mpaka Kajiado, kupitia Isinya, ni mwendo wa saa moja ukibahatika. Nilikwama nyuma ya lori la simenti, halafu nyuma ya ng'ombe waliokuwa wanavuka. Niliingia ofisini saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Silantoi alikuwa amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani, amenyooka kama mtu aliye kanisani. Mama alikuwa kwenye benchi na fimbo yake. Aliniangalia kwa furaha.

"Fundi amekuja," akasema.

Nilizima. Sikuweka hata sikio, sikuhitaji bisibisi. Nikawasha. Diski ya kwanza haikuonekana kabisa, ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa nzima. Lakini kwa sababu mashine ilizimwa vibaya, ilianza kukagua mafaili yote, moja baada ya jingine, nami ndiye niliyekuwa nimeipanga ifanye hivyo, kwa usalama. Tukatazama namba zikipanda. Ramani ilitoka kwenye printa saa kumi na dakika tisa.

Silantoi alivuka barabara akikimbia, ameshika viatu mkononi. Mama alimfuata kwa hatua zake. Mimi nilikuwa nyuma yao.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Karani wa kamati alitoka na funguo.

"Orodha imetiwa muhuri," alisema. "Muda ni muda."

"Lakini ulimwona!" Silantoi alikuwa anahema. "Tangu asubuhi ulimwona amekaa pale kwangu, mlango uko wazi!"

"Nilimwona, dada. Ningemwona na karatasi, ningeichukua. Kwanza nilishangaa kwa nini haleti."

Hakuwa mtu mbaya. Alisimama pale kidogo akizungusha funguo kidoleni, kisha akaenda. Saa ya kamati ilikuwa inafanya kazi vizuri.

Asubuhi iliyofuata nilichapa msimbo wangu wote nikausoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kosa nililipata nikiwa ukurasa wa tatu. Mnamkumbuka yule weita na saa yake moja ukutani. Nilikuwa nimempa kitu kimoja cha ziada: aandike kiganjani "saa imetegwa," ili asipoteze muda kugeuka kuangalia ukuta. Saa ikilia na kukuta oda zipo, inategwa upya na kiganja kinasema kweli. Lakini saa ikilia na kukuta hoteli tupu, haitegwi tena, inalala. Na mimi nilisahau kumwambia afute kiganja.

Kwa hivyo mteja wa kwanza baada ya utulivu anaingia, anaagiza chai, weita anaangalia kiganja: imetegwa. Anatulia. Ukutani hakuna kitu kinachotembea. Tangu hapo mashine haina kengele tena mpaka siku itakapozimwa. Na hakuna atakayejua, kwa sababu mpishi anajibu, na anajibu, na anajibu, mpaka asubuhi moja asijibu.

Dukani kwetu haikutokea kwa sababu niliijaribu ikiwa na kazi juu ya kazi. Hoteli yangu haikuwahi kuwa tupu kwa nusu dakika. Kajiado walikunywa chai.

Gathogo alisimama mlangoni akanitazama na makaratasi. Hakunikumbusha swali lake. Alikwenda akawasha stovu, akaniletea kikombe, akaenda kumhudumia mteja.

Kulikuwa na njia ya kuzuia yote haya, nayo ninawaambia kwa sababu mnaweza bado kuitumia. Wale watu wanaoutunza mfumo endeshi ule, walio nchi nyingi, hupokea marekebisho kutoka kwa yeyote, wanayasoma, wanayakosoa bila huruma. Nilikuwa nimeandika barua ya kuwatumia msimbo wangu. Sikuituma. Nilitaka kwanza uwe kamili, nisije nikaonekana mtu wa Kitengela asiyejua. Miaka michache baadaye waliandika wenyewe kitu kama changu, saa moja kwa foleni. Nilikisoma nikiwa nimesimama. Hawakumpa weita wao kiganja cha kuandikia. Kila oda inapoingia anageuka kuuliza saa yenyewe: unatembea? Inachukua muda mdogo sana. Huo ndio muda niliotaka kuuokoa.

Msiweke kumbukumbu ya jambo mnaloweza kuliuliza lenyewe. Ijaribuni mashine ikiwa imechoka, na ijaribuni ikiwa imelala. Na mkimwambia mtu asubiri, mwambieni mpaka lini. Karatasi yangu ilipungukiwa na maneno machache tu: baada ya dakika tano, zima. Haya mnayajua sasa na sidhani yatawasaidia. Mimi pia nilikuwa nimeambiwa, nikiwa nimesimama kando ya mtu anayekunja kebo.

Silantoi aliacha kazi ile kabla ya mwaka kwisha. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, mimi nilikuwa najua imekufa. Saa tano nilijua. Mkono wangu ulikuwa kwa waya." Karatasi niliibandua mimi mwenyewe. Gundi iliondoka na rangi ya ukuta.

Kisima kiliandikwa kwa jirani, na jirani akaweka ua. Ng'oto Tipape alinywesha mifugo mbali kwa kiangazi kimoja. Waliobaki aliwauza akahamia Kimuka, nyumbani kwa binti yake.

Kama hamjakaa na Wamaasai hamtaelewa uzito wa sentensi hiyo. Mama mkwe na mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Mama hali chakula mbele ya mkwe, hapiti njia yake, haketi naye chumba kimoja. Mama kuja kuishi kwenye boma la mume wa binti yake ni kuishi kila siku kwa kujificha. Nilipomfuata Kimuka nilimkuta nyuma ya nyumba, upande usio na jua, kwenye kigoda. Mkwe wake alipokohoa kule mbele, alijifunika uso kwa shuka akangoja nyayo zipite. Kisha akalitoa tena akaniuliza habari za Kitengela.

Nilikuwa nimekuja kumwambia ukweli. Alikuwa anadhani ni umeme, au ni bahati. Nilimweleza yote, kwa hoteli ile, weita, saa, kiganja. Nilimwambia, "Yeyo, haikuwa mashine. Ni mimi niliyeiondolea kengele, kisha nikawaambia mngoje."

Mbuzi wa binti yake walikuwa wanapita, akawahesabu kwa macho, mazoea tu.

"Hizo mashine zingine," akasema, "umezitengeneza?"

"Zote, Yeyo. Nilikwenda kila mahali."

"Ni kazi kubwa, kuitengeneza?"

"Hapana. Ni mstari mmoja."

"Inachukua siku ngapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilidanganya.

"Dakika mbili," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakitaki tena.

"Dakika mbili," akasema. "Hizo tungezingoja."